Mandari ya Kendu Bay: Jibini, Mvinyo na Haki ya Mgeni

Siku hizi umezuka mtindo mpya wa kustarehe katika miji yetu mikubwa. Mtu akishafunga kazi yake Ijumaa jioni, asubuhi ya pili hulitoa gari, akawapakia watoto, akatia kikapu nyuma na kushika njia. Haendi mazikoni wala harusini, haendi kudai deni wala kutazama kiwanja. Anakwenda tu. Kikapuni mna mkate, matunda, jibini iliyotengenezwa kwa mkono huko shambani na, kwa asiyejali, chupa ya mvinyo. Akifika penye kivuli na upepo hutandika shuka, akala taratibu, akatazama milima au maji, na magharibi ikiingia hurudi kwake. Wa Nairobi hupanda Tigoni, upande wa Limuru, ambako shamba la jibini la Brown's, lililoanzishwa mwaka 1979, hupokea wageni wanaotaka kuona na kuonja. Wengine huteremka Bonde la Ufa hadi Naivasha, ambako zabibu za mvinyo hupandwa.

Msomaji wetu wa pwani akisikia habari hizi huenda akakunja uso. Atasema, hayo ni mambo ya Wazungu na ya wenye kuwaiga. Au atasema, shughuli iliyotiwa mvinyo haina heri, basi na tuiache yote pamoja na kikapu chake. Lakini mwenye hekima hatupi kapu la embe kwa sababu ya embe moja lililooza. Kuna vitu vitatu katika starehe hiyo, yaani jibini, mvinyo na matembezi, na kila kimoja kina asili yake na hukumu yake. Tukitaka kuvipima, mahali pazuri pa kuvipimia ni mji mdogo wa Kendu Bay, kusini mwa ghuba ya Winam katika ziwa la Viktoria, wilaya ya Homa Bay kama tulivyozoea kuiita, au kaunti kama inavyoitwa leo. Mji huo una msikiti mkongwe, una misheni ya zamani, una ziwa dogo lenye kisa cha karamu iliyoangamiza kijiji kizima, na una watu wanaojua maana ya mgeni.

MANENO YASHUHUDIA

Tuanze na maneno, kwa kuwa maneno ni mashahidi wasiolipwa. Jibini tumeipata kwa Waarabu, nao huiita jubn. Mvinyo ni neno la Wareno, vinho, lililobaki vinywani mwetu baada ya wenyewe kufukuzwa Ngome ya Yesu mwaka 1698. Divai, neno lipendwalo na wafasiri wa Biblia, linatokana na Kifaransa. Gari limetoka Bara Hindi. Wikendi, hilo halina haja ya kuelezwa limetoka wapi.

Kwa hiyo kikapu kile kimejaa wageni watupu. Lakini neno la kitendo chenyewe, matembezi, ni letu tangu asili. Nalo lina siri ndani yake. Kwetu pwani, mtu akisema, "Leo nakwenda kutembea," hana maana ya kunyoosha miguu tu. Ana maana ya kwenda kwa watu. Atabisha hodi, atakaribishwa, ataulizwa hali, atapewa kahawa au maji ya ukwaju, naye atarudi na habari. Kutembea bila kufika kwa mtu ni kuzurura. Hili tuliweke akilini, maana ndilo litakalotuhukumu tukifika Kendu.

Tena tunalo neno mandari. Watu wa pwani wamekwenda mandari kabla ya kuonekana gari la kwanza. Wa Lamu waliingia mashuani na masufuria yao, wakaenda Manda au Shela, wakapika, wakaogelea, wakarudi na maji yakijaa. Wa Mombasa hata leo, Jumamosi na Jumapili jioni, huzipeleka familia zao Mama Ngina, pale penye mnara wa taa, wakaegesha magari kuielekea bahari, wakanunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na madafu ya kushushia. Baba amekaa na mlango wazi, mama anagawa mihogo, watoto wanahesabu meli zinazoingia Kilindini. Mwambie mtu huyo kwamba starehe ya kwenda na gari mwisho wa juma ni jambo la kigeni, atakucheka.

Na hata huo "mwisho wa juma" kwa Kiswahili si mwisho. Jumamosi ni mosi, siku ya kwanza, na Jumapili ni ya pili; sisi huhesabu tangu Ijumaa. Kwa hesabu hiyo, anayepumzika Jumamosi hajifuti jasho la juma lililokwisha; anafungua juma jipya. Ni fikira nzuri, nami naiona inafaa. Mapumziko yasiwe kujitupa chini kwa uchovu, yawe kuanza upya kwa moyo mweupe.

NJIA YA KENDU

Kutoka Kisumu njia hupita Ahero, penye mashamba ya mpunga ambamo ndege weupe husimama maji yakiwafika magotini. Hapo huacha barabara kuu ya Nairobi, ukaelekea kusini hadi Katito, kisha ukakata kulia kuifuata ghuba. Mkono wa kushoto kuna vilima. Mkono wa kulia, mara kwa mara, ziwa hujitokeza kama kioo, likajificha tena nyuma ya miti. Utavuka mto Sondu Miriu unaoteremka kutoka nchi ya chai na kuingia ziwani. Mbele kabisa, ukiwa bado mbali, mlima Homa umekaa peke yake juu ya rasi, kana kwamba umewekwa hapo kuwa alama ya mabaharia.

Njia hii haifai kukimbizwa. Kina mama wamepanga samaki kando ya barabara, omena wamemwagwa juani juu ya nyavu waking'aa kama fedha ya pishi, ng'ombe wanavuka bila kuomba ruhusa ya mtu. Mwenye haraka ataviona vyote hivyo kuwa ni vizuizi. Mwenye kutembea ataviona ndivyo alivyovifuata.

Na kula kando ya ghuba hii ni jambo la kale kupita kiasi. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza waliyoyakuta Nyayanga, kwenye rasi ya Homa: zana za mawe pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Umri wake walikadiria kuwa ni kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Basi kabla hajazaliwa mtu wa kuitwa Mjaluo, Mswahili au Mwingereza, viumbe wa ukoo wetu walikuwa wamekaa hapa kuzunguka chakula. Anayedhani mandari imeanzia Limuru na afikiri tena.

Mji wenyewe ni mtoto wa meli. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na baada yake vyombo vya moshi vikaanza kuzunguka ziwa vikichukua shehena na abiria. Kendu ikawa bandari. Wakaja wafanyabiashara wa Kihindi na maduka yao ya mawe na mabati, wakaja Waislamu wa pwani na wa kwingine, wenyeji wakasilimu, adhana ikasikika juu ya maji matamu. Msikiti wa Tawakal ungali ukumbusho wa siku zile. Mwaka 1906 wakafika wamisheni wa Kisabato, Arthur Carscallen kutoka Kanada pamoja na Peter Nyambo kutoka Nyasa, ambayo leo ni Malawi, wakapanda mlimani Gendia na kujenga. Mpaka leo Gendia ina kanisa, na hospitali ya Wasabato ingalipo. Baadaye barabara zikaichukua biashara ya meli, na mji wa zamani ukabaki umeketi kando ya maji kama mzee aliyestaafu, anayejua mengi na haulizwi.

Tazama basi jinsi mji huu ulivyogawa mapumziko yake. Ijumaa adhuhuri Mwislamu hufunga duka akaenda Tawakal. Jumamosi Msabato haigusi kazi, wala haendi sokoni. Jumapili ni zamu ya Wakristo wengine. Kila mmoja anajua siku ya mwenziwe, naye huiheshimu. Mgeni ajaye na kikapu chake Jumamosi na akumbuke kuwa ameingia katika mji ambao kwa wengi wake siku hiyo ni ya ibada.

MPISHI NA MEZA

Upande huu wa Kendu, mahali paitwapo Kanyadhiang, ndiko alikozaliwa Hussein Onyango Obama, babu yake Barack Obama aliyekuwa Rais wa Marekani kuanzia mwaka 2009 hadi 2017. Onyango alisilimu akachukua jina la Hussein, na miaka mingi ya maisha yake alikuwa mpishi katika nyumba za Wazungu. Baadaye alihamia Kogelo, upande wa pili wa ghuba, na huko ndiko aliko kaburi lake.

Namtaja kwa sababu kisa chake ni kisa cha wapishi wengi wa zama zile, wa bara na wa pwani. Wao ndio walioijua jibini kabla ya jirani zao. Waliikata, wakaipanga kwenye sahani, wakaipeleka mezani, kisha wakarudi jikoni. Meza waliijua kwa mikono, hawakuijua kwa kuketi. Na hili halikuwa jambo la ladha, lilikuwa jambo la sheria. Nchi za baridi zenye malisho mazuri zilitengwa kuwa za Wazungu. Chama cha maziwa cha KCC kilianzishwa na walowezi mwaka 1925. Mwafrika hakufunguliwa mlango wa kufuga ng'ombe wa kisasa kwa upana mpaka ulipokuja mpango wa Swynnerton mwaka 1954. Ng'ombe wa kienyeji hutoa maziwa machache, na kilo moja ya jibini ngumu hutaka maziwa lita 10 hivi. Nani mwenye watoto angezigeuza lita 10 kuwa kipande cha kulamba?

Kwa hiyo tunaposema, "Jibini ni chakula cha Wazungu," tunarudia bila kujua amri ya serikali iliyokwisha kufa. Ulimi wa mtu haukuumbwa ukiichukia jibini. Huko Kongo ya mashariki, katika vilima vya Masisi karibu na Goma, mapadre wa Ulaya waliwafundisha wakulima kuitengeneza, na leo jibini ile ya duara ni chakula cha wenyeji wasemao Kiswahili, inauzwa sokoni Goma na kubebwa na wasafiri kama zawadi. Hakuna anayewauliza kwa nini wanakula chakula cha watu.

JIBINI HALALI

Na Mwislamu asemeje? Jibini ilikuwapo mezani mwa watu wema kabla ya Limuru. Katika mapokezi ya Abu Dawud, Abdullahi bin Umar asimulia kwamba Mtume (S.A.W.) aliletewa jibini alipokuwa Tabuk. Akaitisha kisu, akataja jina la Mwenyezi Mungu, akakata. Hayo yalikuwa mwaka wa 9 wa Hijra, yaani 630. Kisu, bismillahi, kipande: hakuna adabu ya kula jibini iliyo fupi na nzuri kuliko hiyo.

Lakini wanavyuoni hawakuacha jambo bila kulichungua. Jibini hufanywa hivi: maziwa hupashwa moto kidogo, hutiwa mtindi wa kuanzishia, kisha hutiwa kigandishio. Yakiganda hukatwa vipande, maji yake yakachujwa, yakatiwa chumvi, yakagandamizwa, yakawekwa mahali pa baridi yakomae kwa majuma au miezi. Neno liko kwenye kile kigandishio, ambacho vitabu vya fikihi hukiita infaha. Asili yake hutoka tumboni mwa ndama au mwana-mbuzi anyonyaye. Katika madhehebu yetu ya Shafii, infaha ni safi ikiwa mnyama huyo amechinjwa kisheria naye hajala kitu ila maziwa. Madhehebu ya Hanafi yalilegeza zaidi. Leo jibini nyingi hugandishwa kwa kigandishio kinachokuzwa kutokana na ukungu na vijidudu, bila kuingia mnyama. Basi asiyejua na aulize. Mwenye duka hamkasirikii muulizaji, na mtengenezaji wa jibini ya mkono hufurahi kuulizwa, maana kazi yake ndiyo fahari yake.

Hata hivyo, aendaye Kendu asijaze kikapu jibini akadhani wenyeji hawajui kuyatunza maziwa. Wajaluo ni wafugaji wa asili. Maziwa huyaita chak, nao huyagandisha katika vibuyu. Katika maziwa hayo hutoa siagi, wakaifanya samli yenye harufu nzito ambayo huiita mo alenya. Nyama huikausha juani wakaiita aliya, kisha wakaipika na kuitia samli hiyo mwishoni. Mboga chungu za mgagani, ambazo wao huziita akeyo, huzichemsha wakazitia maziwa, wakazilaza, wakazipasha tena, mpaka uchungu ukatulia na ladha ikaja. Nini tofauti ya kazi hiyo na ya mtengenezaji jibini wa Tigoni? Wote wawili wanataka kuyafanya maziwa yaishi kupita siku yake. Wote wawili wanatumia chachu, chombo, muda na subira. Mmoja bidhaa yake imefungwa karatasi na kupigwa chapa, mwingine ameitia kibuyuni na kukitundika. Mwenye ulimi mzuri ataonja vyote viwili na kushukuru.

MVINYO NA CHOMBO CHA MAZIWA

Sasa tuje kwenye chupa. Hapa sitazunguka. Wasomaji wangu wanajua hukumu ya ulevi, wala hawana haja ya mwandishi wa gazeti kuwafasiria. Nitakumbusha kisa kimoja tu ambacho kila mtoto wa chuoni amekisikia Rajabu ikifika. Usiku wa Isra na Miraji Bwana Mtume aliletewa vyombo, kimoja cha maziwa na kimoja cha mvinyo, akachagua maziwa. Na Jibrili akamwambia kwamba ameichagua fitra, yaani maumbile yaliyo safi. Mimi huona kikapu kile cha mandari ni mfano mdogo wa mtihani ule ule. Jibini ni mtoto wa maziwa. Vimekaa pamoja kikapuni, na mkono ni wako.

Wala zabibu haina kosa. Dodoma wanazipanda kwa wingi, na sehemu yake huenda viwandani kufanywa mvinyo. Lakini zabibu hiyo hiyo yaweza kuliwa mbichi, kukaushwa ikatiwa kwenye pilau na halua, au kuachwa ikageuka siki. Na siki Bwana Mtume aliisifu kuwa ni kitoweo chema. Kwa hiyo asitusimange mtu kwamba Mwislamu hajui ladha. Penye jibini yenye chumvi, jaribu maji ya ukwaju yaliyopoa, au juisi ya ndimu na tangawizi. Ule ukali wa ukwaju hukata mafuta ya jibini ulimini, ndiyo kazi ambayo wanywaji husema mvinyo hufanya. Tofauti ni kwamba baada ya bilauri tatu za ukwaju dereva bado anaiona barabara kuwa ni moja.

Na hili la dereva si la dini peke yake. Sheria ya nchi imekataza kuendesha gari mtu akiwa amelewa, na njia za Nyanza zina ng'ombe, watoto na pikipiki kila hatua. Matembezi ya gari na chupa ni maadui wawili waliowekwa kitanda kimoja. Katika Kendu, Mwislamu ana rafiki asiyemtazamia: Msabato wa Gendia naye hanywi, wala hali nguruwe. Watu wa vitabu viwili, kilima kwa msikiti, wamekubaliana kuhusu chupa bila kufanya mkutano.

KIJIJI KILICHOZAMA

Mwendo mfupi magharibi ya mji liko ziwa dogo la Simbi Nyaima. Ni duara la maji ya kijani kibichi, limezama katika ardhi kama bakuli, bila mto unaoingia wala unaotoka. Wataalamu wasema ni shimo lililofumuliwa na volkano. Kina chake chapita mita 20, na maji yake ni ya magadi, hayanyweki. Ukijani ule hutokana na viumbe vidogo vya majini, navyo ni chakula cha heroe, wale ndege wa rangi ya waridi ambao kwa nyakati zao huja wakapamba ukingo wote. Mwaka 2000 serikali ililitangaza kuwa hifadhi ya taifa. Kulizunguka kwa miguu ni kazi ya muda mfupi, kilomita mbili na ushei.

Wenyeji wana elimu yao. Wasema hapo palikuwa na kijiji chenye raha. Usiku mmoja kulikuwa na ngoma na pombe, watu wakila na kunywa kwa mkuu wao. Akatokea bikizee aliyechoka, na baridi imemwingia, akaomba mahali pa kuota moto na kitu cha kula. Walevi wakamcheka, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimhurumia, akamkaribisha, akampa alichokuwa nacho. Bikizee akamwambia, mchukue mumeo mwondoke usiku huu huu. Kuna wanaosimulia kwamba mume alikubali kutoka, na kuna wanaosema aliipenda ngoma kuliko mkewe. Kisha mvua ikanyesha isiyo ya kawaida, ardhi ikafunguka, na kijiji chote kikazama na ngoma yake. Ndipo ziwa likaitwa hivyo: Simbi iliyozama.

Msomaji aliyepita chuoni atakumbuka habari zinazofanana na hizi. Kaumu ya Luti iliangamia baada ya kuwakusudia wageni ubaya. Na Nabii Ibrahimu, kinyume chao, alipofikiwa na wageni asiowajua hakuuliza kwanza majina. Alikwenda upesi kwa watu wake akarudi na ndama wa kuchoma. Mjaluo wa kando ya ziwa hakufundishwa kisa cha Simbi na mashekhe, na mashekhe hawakukipata kwake. Lakini wote wamefika mlango mmoja: karamu isiyo na nafasi ya mgeni ni karamu inayochimba kaburi lake.

Nami naomba tukitazame kisa hiki kwa makini, maana wengi hukisoma nusu. Husema kijiji kiliangamia kwa ajili ya pombe. Pombe ilikuwapo, na ilisaidia kuwafanya mioyo migumu. Lakini bikizee hakuja kukataza pombe. Alikuja na baridi yake na njaa yake. Kosa lililozamisha nyumba zile ni kwamba watu walikuwa nacho, wakamwona asiye nacho, wakaona ni mchezo. Mtu aweza kuangamia hivyo hivyo akiwa na chupa ya ukwaju na jibini iliyo halali tangu kibuyu hadi kisu. Kwa hiyo tusijipongeze mapema kwa kuwa kikapu chetu hakina mvinyo.

ADABU YA MWENYE KIKAPU

Hapa ndipo ulipo uzito wa maneno yangu. Mandari hizi mpya zina ugonjwa mmoja, nao si wa kikapuni. Gari huja kutoka mjini vioo vimefungwa, husimama kando ya Simbi, watu wakashuka, wakatandika, wakala, wakapiga picha, wakaacha karatasi na chupa, wakapanda, wakaondoka. Watoto wa kijiji wamesimama mbali kidogo wakitazama. Hakuna salamu iliyotolewa, hakuna hodi iliyopigwa. Mji umetazamwa kama picha ya ukutani. Watu wa namna hiyo wamezunguka, hawajatembea.

Na katika kisa cha Simbi hebu tujiulize: sisi wa kikapu ni nani? Tunadhani sisi ndio wageni, na wenyeji ndio wenye wajibu wa kukirimu. Lakini ukishatandika shuka yako na kufungua chakula, umekuwa mwenye karamu. Yule mtoto aliyesimama, yule mama mwenye beseni la ngege kichwani, yule mzee mwenye fimbo apitaye na mbuzi wake, hao ndio bikizee wa leo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Walijua kwamba mgeni hupona naye akija kwa adabu.

Adabu yenyewe si ngumu. Toa salamu kwanza. Kwa Mwislamu mwenzako wa Tawakal waijua, na kwa Mjaluo useme "misawa," naye atakuitikia kwa furaha. Nunua chakula chako cha moto hapo hapo: samaki wa kupaka kwa nazi utamkuta kwenu Mombasa, lakini ngege mbichi wa ziwa, aliyechemshwa kwa nyanya na kuliwa na ugali wa mtama, hutampata Mama Ngina. Ukiwa na jibini, kata na kipande cha kumwonjesha aliye karibu. Huenda akaitema. Huenda akakuletea maziwa ya kibuyu, nawe ukatamani kuyatema. Mtacheka wote, na hapo ndipo matembezi yatakapokuwa yameanza. Sala ikiingia, msikiti upo. Takataka zako rudi nazo. Na ukimkuta mwenyeji wa kukueleza kisa cha Simbi, mpe haki yake, maana elimu ile ndiyo mali ya mji.

Mwaka 2020 ziwa la Viktoria lilipanda kuliko lilivyowahi kupimwa, maji yakaingia mashambani na majumbani mwa watu wengi wa kando yake, na wenye nyumba wakawa wageni katika nyumba za jamaa. Watu wa ghuba wanajua kwamba mwenye karamu wa leo ni mwenye baridi wa kesho. Aendaye kwao na kikapu kilichojaa na ale kwa furaha, ale jibini yake kwa bismillahi, aketi kivulini kadiri apendavyo, maana starehe ya halali ni neema. Ila akitandika shuka na aitandike kubwa, ibaki nafasi ya mtu mmoja zaidi.